Sura ya Tano: Tandiko Linaloongoza Ubongo wa Mtoto

Wazazi wa Kilosa na Mikumi, ambao wanyama wa porini ni majirani zao, wana swali moja ambalo kila ajaye kuzungumza nao habari za malezi hana budi kulikuta: kwa nini mtoto wa swala pala, aliyezaliwa asubuhi majanini, husimama kwa miguu yake mwenyewe kabla jua halijapanda sana, naye baada ya siku chache akakimbia ubavuni mwa mamaye, ilhali mtoto wa binadamu, ambaye ndiye aliyetunukiwa akili kuliko viumbe vyote, hulala chali miezi kadha wa kadha, hata shingo yake haimudu kukibeba kichwa?

Swali hili ni la haki, na jibu lake la kwanza si refu. Swala hutoka tumboni hali sehemu kubwa ya ujenzi wa ubongo wake imekwisha kutimia. Binadamu hutoka mafundi wakiwa bado kazini. Ubongo wa mtoto wetu azaliwapo una uzito wa takriban gramu 350 hadi 400, na ule wa mtu mzima hufika gramu 1300 au 1400, maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya ukuaji wa kiungo hiki adhimu hufanyika mtoto akiwa mgongoni, mkekani na mapajani mwa walezi wake. Hata tembo wa Mikumi, ambaye ndama wake husimama siku ile ile ya kuzaliwa, hupitisha miezi mingi kabla hajaweza kuutumia mkonga wake sawasawa, na mtu akimtazama ndama yule akiukanyaga mkonga wake mwenyewe ataona dhahiri kuwa ubongo ungali unajifunza kuutawala.

Lakini nyuma ya swali hilo limejificha la pili, nalo ndilo litakalotushughulisha katika sura hii yote. Ubongo wa mtu mzima una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, na kila moja ina mahali pake na jamaa zake wa kuzungumza nao. Je, nani anayeziongoza kufika huko, maadamu tumboni hamna msimamizi, hamna ramani, wala hamna taa? Jibu nitakalolitetea ni kwamba chembe hizo huongozwa, kwa sehemu kubwa kuliko tulivyodhani zamani, na ardhi ile ile wanayoikanyaga wasafiri hao wadogo.

Kilichomo kati ya chembe na chembe

Tuanze na maneno yenyewe, tusije tukapotezana njiani. Chembe ni kile kijumba kidogo kabisa chenye uhai ambacho kwacho miili yetu yote imejengwa, na vitabu vya shule hukiita seli. Chembe ya fahamu ni ile ya ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu: ina kiwiliwili, ina matawi mafupi ya kupokea habari, na ina uzi mmoja wa kupelekea habari, ambao pengine ni mfupi kuliko unywele wa ukope, na pengine hutoka kiunoni ukafika mpaka kidole cha mguu.

Wanazuoni wa zamani walizitazama sana chembe zenyewe, na kilichokuwa kati yake wengi wao wakakihesabu kuwa ni maji na gundi tu, mithili ya pumba zinazojazwa katika godoro. Nafasi hiyo si ndogo. Katika ubongo wa mtu mzima huchukua takriban sehemu moja kwa tano ya ujazo wote, na katika vichanga wa panya waliopimwa maabara hukaribia sehemu mbili kwa tano. Ubongo mchanga, kwa hiyo, una uwanda mpana wa kupita, na uwanda huo haukuachwa mtupu. Chembe zenyewe hutoa protini na sukari, zikazitandaza nje yake, kisha zikaishi juu yake na ndani yake. Huo utandazo nitauita tandiko. Protini, kwa asiyelizoea neno hilo, ni zile kamba na vyombo vidogo mno ambavyo mwili hujitengenezea kwa vipande uvipatavyo katika maharage, dagaa, maziwa na nyama.

Atakaye kuliona tandiko kwa macho yake na apike supu ya makongoro, aiache jikoni ipoe usiku kucha, kisha afunue sufuria alfajiri: ataikuta imeganda ikitetemeka. Kilichogandisha supu ile ni kolajeni, ambayo ndiyo protini kubwa ya tandiko katika ngozi, kano na mifupa, na ambayo moto uliilegeza ikatoka katika kwato na magoti ya ng'ombe. Ubongo una kolajeni kidogo sana ukilinganishwa na goti, ndiyo sababu ni mwororo kiasi hiki; tandiko lake limefumwa kwa nyuzi nyingine, na zile ambazo msomaji atakutana nazo katika sura hii ni hizi:

- Laminini, protini yenye umbo la msalaba, ambayo chembe za fahamu hupenda mno kutembea juu yake.
- Rilini, protini kubwa inayoziambia chembe zinazosafiri mahali pa kutua.
- Kondroitini, mnyororo wa sukari unaoning'inizwa juu ya protini, ambao aghalabu kazi yake ni kuzuia.
- Haialuronani, sukari ndefu kupita kiasi, isiyo protini kabisa, ambayo huvuta maji na kuupa uwanda wote unyevu wake.

Kiganja kinachopapasa njia

Mwaka 1890 Santiago Ramón y Cajal, tabibu wa Hispania aliyekuwa na jicho kali na mkono hodari wa kuchora, aliona katika kijusi cha kuku kwamba ncha ya kila uzi wa fahamu unaokua imetanuka, ikatoa vidole vyembamba mbele yake. Tukiita ncha hiyo kiganja tutakuwa tumeipa jina linaloistahiki, kwa kuwa hupapasa, hushika, huvuta, na ikikuta kitu isichokipenda hujikunja na kurudi nyuma, sawasawa na mkono wa mtu anayetafuta kiberiti gizani. Cajal alikiona kiganja kikiwa kimekufa katika kioo cha hadubini, akabashiri kwa akili yake kwamba kilipokuwa hai kilikuwa kikitembea.

Burhani ililetwa mwaka 1907 na Ross Harrison wa Marekani. Huyu alikata kipande kidogo cha uti wa kijusi cha chura, akakitia katika tone la majimaji ya mwili wa chura yaliyoganda, akalining'iniza tone hilo chini ya kioo, kisha akakaa akitazama. Na nyuzi za fahamu zikachipua mbele ya macho yake, saa baada ya saa, kama mizizi ya mhindi. Lakini jambo ninalolipenda zaidi katika kazi za mtu huyu ni lile alilolieleza mwaka 1914, alipotandika nyuzi za buibui ndani ya majimaji na kuona chembe zikizishika nyuzi hizo na kuzifuata. Kwa chembe, alionyesha Harrison, kuelea hakutoshi: lazima pawe na kitu kigumu cha kushika. Nimewaza mara nyingi juu ya ule utando wa buibui, ambao sisi huufagia darini bila kuutazama, na ambao katika mikono ya mtu mwenye subira ulifungua mlango wa elimu nzima.

Ikabaki kujua ni kitu gani mwilini kinachofanya kazi ya ule uzi wa buibui. Mwaka 1979 Rupert Timpl, George Martin na wenzao walitenga kutoka katika uvimbe wa panya protini iliyokuwa haijajulikana, wakaipa jina la laminini. Na katika miaka iliyofuata ikadhihirika kwamba, ukiipaka laminini kwa michirizi juu ya sahani ya maabara na kuweka chembe za fahamu, nyuzi zitakua kwa kasi juu ya michirizi ile na kuiacha sehemu isiyopakwa, kana kwamba mtu amezichorea barabara kwa chokaa.

Apitaye barabara kuu ya Iringa ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1964, hukuta mahali ambapo tembo wana desturi ya kuvuka. Njia hizo zilianzishwa na tembo wachache waliotangulia, ambao waliyajua maji na vivuli, na wote waliofuata wamekanyaga pale pale. Ubongo nao hufanya hivyo. Nyuzi za kwanza kabisa husafiri zikipapasa tandiko peke yake, wakati kijusi kingali kidogo na masafa ni mafupi. Zile zijazo nyuma hushikamana na zilizotangulia, zikawa fungu, na fungu likawa mshipa mnene. Ndiyo sababu kosa la msafiri wa kwanza huwa ni kosa la msafara mzima.

Reli mbili za Kidatu

Haitoshi, hata hivyo, kwamba tandiko lipo. Sharti kiganja kiwe na mkono unaolingana nalo. Watu wa Kilosa hawahitaji kuambiwa maana ya jambo hili, kwa kuwa wanaijua reli. Tawi litokalo Kilosa, likapita Mikumi, huishia Kidatu, na huko hukutana na reli ya TAZARA. Lakini behewa la Reli ya Kati, ambalo njia yake ina upana wa milimita 1000, haliwezi kuendelea na safari juu ya reli ya TAZARA, ambayo upana wake ni milimita 1067. Milimita 67 ni kitu kidogo, hazitimii upana wa kiganja cha mtu, lakini kwa ajili yake shehena yote hushushwa na kupakiwa upya.

Juu ya ngozi ya kila chembe mna protini ziitwazo integrini, ambazo ndizo magurudumu yake. Upande mmoja wa integrini huchomoza nje na kushika tandiko. Upande wa pili umo ndani, umefungamana na kamba zinazoipa chembe umbo na mwendo. Ziko integrini za namna nyingi, zingine zimeumbwa kwa laminini, zingine kwa kolajeni, zingine kwa protini nyinginezo, na chembe isiyo na integrini ya laminini itasimama palipojaa laminini kama behewa lililofika mwisho wa njia yake. Fauka ya hayo, chembe hubadilisha integrini zake kadiri inavyokua, kwa hiyo ardhi ambayo jana ilikuwa barabara pana leo yaweza kuwa haina maana kwake, na ile iliyokuwa ukuta ikafunguka. Hapa ndipo mwili unapolipita shirika lolote la reli kwa tadbiri, maana njia haing'olewi, bali msafiri mwenyewe hubadilisha magurudumu yake akiwa safarini.

Na integrini ikiisha kushika haikai kimya. Mshiko wenyewe ni habari: hupelekwa ndani ya chembe, ikaiambia iishi, ikue, igawanyike au itulie. Chembe nyingi ziking'olewa katika tandiko lake hufa, ijapokuwa zimezungukwa na chakula tele.

*Kwa ufupi, hadi hapa:* ubongo mchanga una uwanda mpana kati ya chembe zake. Uwanda huo umetandikwa protini na sukari. Uzi wa fahamu hukua kwa kiganja kinachopapasa tandiko hilo. Na kiganja hushika pale tu penye protini inayolingana na integrini zake.

Panya wa Edinburgh na jengo la orofa sita

Mwaka 1951, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Douglas Falconer alieleza habari za panya waliozaliwa wakipepesuka kwa namna ya mlevi, wakianguka ubavu na kushindwa kwenda moja kwa moja. Ugonjwa ule ulirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Bongo zao zilipokatwa na kutazamwa, chembe zilikuwamo, na kwa wingi wa kutosha. Kilichokosekana ni utaratibu wa makazi yake.

Ili tuelewe kilichowasibu panya wale, yatupasa kujua jinsi gamba la ubongo, yaani ule utando wa nje wenye mikunjo ambamo fikira na usemi hukaa, linavyojengwa. Lina tabaka sita. Chembe zake huzaliwa chini kabisa, karibu na vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, kisha kila moja hupanda juu ikishikilia chembe nyingine ndefu zilizosimama kama nguzo. Sasa ajabu ni hii: zinazotangulia hutua chini, na zinazofuata hupita katikati ya zile zilizokwisha kutua, zikakaa juu yake, na zile za mwisho hupita zote. Ni kama jengo la ghorofa ambalo wachukuzi wa matofali, kila siku mpya, hupanda ngazi wakiyapita makazi yaliyokwisha kamilika, mpaka wafike ukingo wa juu ambao bado unajengwa.

Anayewaambia wachukuzi kwamba hapa ndipo juu, tueni, ni rilini. Hutolewa na chembe chache zilizokaa ukingoni kabisa, ambazo ndizo za mwanzo kufika, ikaenea katika tandiko lililo jirani nazo. Na chembe inayopanda ikiinusa huiachilia nguzo yake na kutua. Asili ya ugonjwa wa panya wa Edinburgh ilipatikana mwaka 1995: walikosa rilini. Wachukuzi wao walipanda vizuri, lakini kwa kukosa wito wa kutua walirundikana chini ya wenzao, tabaka zikapinduka na kuchanganyika. Na ili msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya panya peke yake, mwaka 2000 ilielezwa kwamba wako watoto wa binadamu, wachache sana, wanaozaliwa bila rilini timamu. Gamba la ubongo wao huwa laini, limepungukiwa na mikunjo, na maisha yao huwa ya kifafa na udhaifu mkubwa wa mwili na akili.

Tuta la Mkondoa

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta lililoulinda mji wa Kilosa. Maji yaliingia majumbani, maelfu ya watu walihamia kambini, na njia ya reli ikachukuliwa na mafuriko hata treni zikakatika. Walioyaona wanajua kwamba mto haukuwa na uadui na mtu: ulikwenda ulikokuwa ukienda siku zote, na kilichokosekana ni mpaka wa kuuambia mwisho wako ni huu.

Ubongo nao una tuta. Juu kabisa ya gamba lake, chini ya ngozi laini inayoufunika, umetandazwa utando mwembamba mno wa laminini na kolajeni ya namna yake. Zile chembe ndefu zilizosimama kama nguzo zimeshikilia utando huo kwa miguu yao ya juu, nao huzuia chembe zinazopanda zisipite kiasi. Utando ukitoboka, chembe za fahamu hububujika nje ya mipaka yake, zikamwagika juu ya uso wa ubongo na kuganda kwa vinundu vinundu, mithili ya njia iliyotandikwa kokoto. Daktari Fukuyama wa Japani alieleza mwaka 1960 ugonjwa wa watoto ambao misuli yao hulegea tangu utotoni na akili zao huchelewa, na miongo ikapita kabla haijafahamika kwa nini misuli na ubongo vinaugua pamoja. Sababu ni kwamba mkono mmoja wa chembe unaoshika laminini, ambao hufanya kazi katika misuli na katika ubongo pia, umekosa pambo la sukari linaloupa nguvu ya kushika. Mshiko ukilegea, misuli huchanika kidogo kidogo, na tuta la ubongo hupasuka.

Nimekaa kidogo katika habari hii kwa kuwa inatufunza kuacha dhana iliyozoeleka, kwamba mtoto mwenye ulemavu wa ubongo ni mtoto aliyepungukiwa na ubongo. Katika magonjwa ya namna hii chembe zimo, na zina bidii, ila zimefika mahali pasipo pake. Wala hakuna katika hayo kosa la mama, wala jicho la jirani, wala kitu alichokikanyaga njiani. Kwa hakika laiti jambo hili lingejulikana katika kila nyumba, mama wengi wangepunguziwa mzigo wa lawama ambao hawakustahili kuubeba hata siku moja.

Wakati wa kufunga njia

Kufikia hapa tandiko limekuwa barabara, kituo na tuta. Lina kazi ya nne, nayo ni kufunga. Miaka ya 1890 Camillo Golgi wa Italia aliona kwamba baadhi ya chembe za ubongo uliokomaa zimevikwa vazi lenye matundu, kama chupa ya zamani iliyofumiwa wavu wa kamba. Nyavu hizo zimefumwa kwa haialuronani, kondroitini na protini za kuzifungamanisha, nazo hazimo katika ubongo wa kichanga: hutokea taratibu, sehemu moja ya ubongo baada ya nyingine, pale sehemu hiyo inapomaliza kujifunza yale ya msingi. Zikiisha kufumwa, miunganiko ya chembe hukaa imara na haibadiliki kwa wepesi kama mwanzo.

Maana ya jambo hili huonekana kwa uchungu katika ugonjwa ambao lugha yetu imeuita mtoto wa jicho. Wako watoto wanaozaliwa na ukungu mweupe katika mboni, na mzazi aghalabu hudhani kuwa utaondoka wenyewe, ama huambiwa angoje mtoto apate nguvu. Ukungu ule ukiondolewa katika wiki za mwanzo za maisha, mtoto ana matumaini makubwa ya kuona. Ukiondolewa akiwa wa miaka saba au minane, jicho lake litakuwa safi, mwanga utaingia bila kizuizi, lakini ubongo uliopitisha miaka ile bila kupokea sura ya kitu chochote utakuwa umekwisha kupanga makazi yake bila jicho hilo, na kuona kwake kutabaki hafifu. Kwa hiyo mtu wa Kilosa au Mikumi aonaye weupe katika mboni ya kichanga asingoje msimu wa mavuno. Huko Dar es Salaam, katika hospitali kama CCBRT, wako mabingwa wanaowapasua watoto macho, na siku zinazohesabiwa hapa ni chache.

Je, mlango uliofungwa waweza kufunguliwa tena? Mwaka 2002 wanasayansi wa Italia na Uingereza walijaribu kwa panya waliokomaa. Walitia katika sehemu ya ubongo inayoona kimeng'enya, yaani protini ya kukatia vitu, ambacho bakteria fulani hukitumia kuvunja kondroitini. Nyavu zilipovunjwa, ubongo wa panya wazima ukarudi kubadilika kama wa vitoto, ukawa tayari kupanga upya sehemu ya kila jicho. Mwaka huo huo watafiti wengine walikitumia kimeng'enya hicho hicho kwa panya waliojeruhiwa uti wa mgongo, kwa kuwa kovu la uti limejaa kondroitini, na viganja vya nyuzi za fahamu vikifika hapo hujikunja na kusimama. Baadhi ya nyuzi zikaota tena, na panya wakarudishiwa sehemu ya mwendo wao. Tiba hii haijawa dawa ya mahospitalini. Anayewauzia majeruhi wa barabarani chupa ya dawa ya kuotesha mishipa ya fahamu anawadhulumu.

Chumvi, mbu, na tumbo la mama

Msomaji ataniuliza, na ana haki: tandiko hili hutengenezwa ndani ya mwili kwa amri za urithi, mimi mzazi nina sehemu gani? Zipo nyingi, nami nitazitaja mbili ambazo zinahusu moja kwa moja protini na sukari tulizozizungumza.

Ya kwanza ni chumvi. Katika koo tuna tezi ambayo hutengeneza homoni, yaani mjumbe apelekwaye na damu kutoka kiungo hadi kiungo, na homoni hiyo haitengenezeki bila madini joto. Katika nyanda za juu za kusini, huko Iringa na Mbeya, ambako mvua za karne nyingi zimeyaosha madini joto katika udongo, shingo zilizovimba zilikuwa jambo la kawaida, hata miaka ya 1990 serikali ilipoweka kanuni za kuyatia katika chumvi ya kula. Watu waliona uvimbe wa shingo na kudhani kuwa ndio ugonjwa wote. Hasara kubwa ilikuwa mahali pasipoonekana: homoni ya tezi ni miongoni mwa zinazoamuru chembe za ukingo wa ubongo zitoe rilini, na ndiyo inayosaidia chembe ziishike laminini sawasawa. Wanyama wa maabara walionyimwa homoni hiyo wakiwa tumboni rilini yao ilipungua, na tabaka za gamba lao zikakosa mipaka iliyo wazi. Na kwa kuwa kijusi hakina homoni yake yenyewe katika miezi mitatu ya mwanzo, hutegemea ya mama, wakati ambao pengine mama mwenyewe hajajua kama amebeba. Basi chumvi yenye madini joto inunuliwe tangu kabla ya ujauzito, iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, kwa sababu madini joto hupotea chumvi ikiachwa wazi.

Ya pili ni malaria. Kwa muda mrefu ilikuwa fumbo kwamba mwanamke aliyekulia penye mbu, ambaye mwili wake umeizoea malaria hata haimlazi tena, huugua upya anapobeba mimba yake ya kwanza. Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1996 na Michal Fried na Patrick Duffy, kwa utafiti walioufanya Kisumu, katika ufuo wa Ziwa Victoria. Waligundua kwamba kondo la nyuma, yaani kile kiungo kinachomlisha mtoto tumboni, lina kondroitini ya namna fulani, na kwamba vimelea vya malaria vilivyomo kondoni vimejifunza kuishika sukari hiyo. Kinga ya mama ilizoea vimelea vinavyoshika mahali pengine. Kondo ni bandari mpya, na wavamizi wake wana nanga mpya. Wakiisha kutia nanga, damu hupita kwa shida, na mtoto huzaliwa na uzito pungufu, amepungukiwa na chakula na hewa katika miezi ile ile ambayo ubongo wake ulikuwa ukitandikwa. Simaanishi kwamba vimelea hivyo huenda kushika kondroitini ya ubongo wa mtoto. Hasara huja kwa njia ya njaa ya tumboni. Lakini ni vyema mama anayepewa kliniki vidonge vya SP, vya kuzuia malaria, akaambiwa avimeze pale pale mbele ya muuguzi, ajue kwamba anavunja nanga hizo, na kwamba chandarua anachokwenda kukitandika jioni kina kazi zaidi ya kumlinda yeye peke yake.

Turudi kwa swala

Mtoto wa swala pala hana wasaa: asiposimama leo, chui atamkuta. Ubongo wake kwa hiyo umekwisha kupanga barabara zake za miguu na macho kabla hajaliona jua. Mtoto wa binadamu aliletwa duniani tandiko lake likiwa bado wazi, nyavu hazijafumwa, viganja vingali vikipapasa, ili sauti ya mamaye, lugha ya mtaani, sura za ndugu na mwendo wa kutambaa vipate kuingia katika ujenzi wenyewe. Nyavu za sehemu zinazoona hufumwa mapema. Zile za sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambako mtu hupima mambo kabla ya kuyatenda, huendelea kuongezeka hata katika ujana. Kijana wa miaka kumi na minne asimamaye asubuhi kandokando ya barabara hapo Mikumi, daftari kwapani, akingoja gari la kumfikisha shule, bado anafumiwa.